Miguu Nje ya Kitanda

Bwenini, 2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika. Matroni aliisoma bahasha kwa sauti mbele ya watu wote, kwa sababu anwani umeiandika kwa chaki yako ya kushonea, na nusu ya jina langu ilikuwa imefutika. Aliuliza mara tatu kama kuna mtu anayejua hiyo nusu iliyobaki ni ya nani. Tafadhali Dada, tumia kalamu. Simu zimepigwa marufuku huku, kalamu bado.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Unasema mtoto anategemewa mwisho wa mwezi wa tano, na kwamba maandalizi yameanza vizuri, maana Shemeji amenunua kigari cha kumsukumia. Nimeirudia sentensi hiyo nikitafuta kitu cha pili. Hakuna. Dada, mnakaa ghorofa ya tatu na ngazi zenyewe watu wawili hawapishani. Mtoto atasukumwa wapi? Jikoni?

Nimeazima kitabu cha malezi kutoka maktaba ya shule. Mwalimu wa maktaba alinitazama juu ya miwani yake, nikamwambia ni cha dada yangu, akasema, "Wote husema hivyo." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini kitabu ninacho, na kinasema mtoto wa kwanza huwafanya watu wanunue makubwa na kusahau madogo. Ni kama mwandishi anawafahamu. Anzeni na nepi za kitambaa, nyingi kuliko mnavyodhani. Fulana zinazofungwa mbele, kwa sababu watoto wachanga hawapendi kuvalishwa kupitia kichwani. Kofia, soksi, blanketi jepesi, beseni, sabuni isiyo na manukato. Mto hapana. Narudia, mto hapana.

Na jambo moja zaidi. Kitabu kinasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi wake kwa miezi sita ya kwanza, katika kitanda chake mwenyewe, chenye fito za karibu karibu. Nalitaja kwa sababu uliandika kwamba mnatafuta mahali pa kumweka, na kwamba chumba changu kina dirisha zuri. Dirisha hilo linaingiza upepo. Nalijua mimi.

Mdogo wako,
Profesa (kama mnavyoniita)

*

Nyumbani, 11 Machi

Profesa,

Nimetumia kalamu, umefurahi? Imevuja kwenye gauni la mteja.

Mimi nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kabla hata huyo mtoto hajafika. Juzi nilikwenda na shemeji yako kwenye lile duka la vitu vya watoto lililo karibu na benki. Mwenye duka alinitazama tumbo akaona sikukuu yake imefika. "Mama, hiki cha kupashia chupa unacho?" Sina. "Na hiki cha kupozea chupa?" Sasa nikamuuliza, kwa nini nisiipashe kidogo tu tangu mwanzo? Akaniona sina akili, akamgeukia shemeji yako. Unamjua shemeji yako. Seremala mzima, mtu anayegonga mbao kwa kidole na kujua zimetoka mti gani, lakini mwonyeshe kitu chenye magurudumu au betri, anakuwa mtoto wa miaka minne. Tumetoka na viatu. Viatu, Profesa! Mtu hajui kushikilia kichwa chake mwenyewe, ananunuliwa viatu vya kamba.

Mama Mkwe naye amekuja na mto. Wenye maua. Nikamwambia mdogo wangu amesema mto hapana. Akauliza, "Huyo mdogo wako amezaa wangapi?" Umeniponza.

Kuhusu nguo, nisikilize vizuri maana najua utaanza. Sishoni. Unajua kazi yangu. Tangu nikae kwenye cherehani, sijawahi kukata kitambaa cha mtu ambaye sijamshika na kumpima kwa mkono wangu. Watu huniletea vipimo vya waume zao kwenye vikaratasi, nawarudisha. Namba ya kwenye karatasi haina mabega. Mtoto akija nitampima, nikimpima nitamshonea. Kitambaa kipo, cheupe, laini, kimekunjwa kabatini.

Kuhusu chumba, tutaongea ukija likizo. Dirisha lako halina tatizo lolote.

Dada yako

*

Bwenini, 19 Machi

Dada,

"Tutaongea ukija" ndiyo maneno unayomwambia mteja ambaye nguo yake umeiunguza kwa pasi. Nimekaa chini ya meza yako ya kukatia tangu nina miaka saba. Nayajua.

Na huwezi kumpima mtoto ambaye hajazaliwa! Halafu akizaliwa atakaa anasubiri, yuko uchi, wewe ukitia uzi kwenye sindano? Nimekunakilia jedwali la vipimo vya wastani kutoka kitabuni, ukurasa mzima. Kata kwa wastani, acha nafasi kwenye mishono. Wewe huyo huyo uliniachia upindo mpana kwenye sketi ya shule, na umeshaushusha wote.

Hilo linanikumbusha, sketi imekuwa fupi tena. Huku wameanza kuniita Mlingoti. Mlingoti wa bendera uko nje ya darasa letu, kwa hiyo utani hauishi. Asubuhi tukiimba wimbo wa shule, kuna msichana mmoja hugeuka na kunipigia saluti mimi badala ya bendera. Najitia sioni. Nimejifunza kusimama nikiwa nimekunja magoti kidogo ndani ya sketi, lakini ukisimama hivyo nyimbo ni ndefu.

Naomba unijibu kuhusu chumba kwa kalamu ile ile iliyovuja.

Profesa

*

Nyumbani, 28 Machi

Profesa,

Huyo mtoto wa wastani kwenye jedwali lako ni wa nani? Mlete nimwone. Sijawahi kuletewa mteja wa wastani. Wote wana bega moja limeshuka.

Lakini nimenunua nepi, usije ukasema sisikii. Na beseni, la kawaida, jekundu. Shemeji yako alitaka lile lenye kipimajoto kinachoimba maji yakiwa moto. Tulibishana mpaka mwenye duka akatuletea kiti, na nilikaa mimi.

Sina nguvu ya kuandika. Miguu imevimba, namshonea bibi harusi mmoja aliyebadilisha mawazo kuhusu mikono ya gauni, na leo tena amebadilisha. Jambo moja tu. Niandikie urefu wako. Bila viatu, umesimama wima kama mtu, siyo hivyo unavyojikunja. Mwambie rafiki yako akupime. Usiniulize ni wa nini.

Dada yako

*

Bwenini, 5 Aprili

Dada,

Hujanijibu kuhusu chumba. Nimegeuza karatasi pande zote mbili.

Urefu wangu ni sentimita mia moja sitini na mbili. Nimejipima mwenyewe ukutani, kwa sababu sina haja ya kumpa mtu yeyote wa bweni hili namba ya kuimba. Kama ni sketi, naomba iwe ndefu tu na mambo yaishe.

Sasa naomba jibu la neno moja. Kitanda changu bado kipo mahali pake, chini ya dirisha? Ndiyo au hapana.

Profesa

N.B. Uvimbe wa miguu: kitabu kinasema ulale ubavu na uinue miguu, na ukiumwa kichwa sana au macho yakiona ukungu uende kliniki siku hiyo hiyo, usingoje. Bibi harusi hayumo kitabuni, lakini mwambie nimesema mikono mirefu.

*

Karakana, 14 Aprili

Shemeji mdogo,

Leo naandika mimi. Usishtuke, dada yako ni mzima, ila muuguzi amemwambia apumzike, naye anapumzika kwa hasira. Amelala ubavu na miguu juu ya magunia ya vitambaa, anatoa amri. Bibi harusi amepewa mikono mirefu, na ameikubali kwa woga.

Kigari mnachonicheka kimepata kazi. Ngazi kimeshindwa kupanda, lakini hapa karakana kinabeba mbao vizuri ajabu, magurudumu yake hayakwami. Mafundi wenzangu wananiuliza nilikipata wapi. Nimewaambia ni cha mwanangu, ameniazima.

Habari kubwa ni kwamba kitanda cha mtoto kimekamilika. Kinabembea! Nimeipima milango yote kabla sijakata, maana kigari kimenifundisha adabu. Na fito nimezipanga karibu karibu, kama kitabu chako kinavyotaka, kichwa hakipiti. Mbao zimetoka kwenye kile kitanda chako, nilikipasua Jumamosi. Mbao nzuri sana zile, zimekauka, siku hizi huzipati. Nilikuwa nazionea huruma zinakaa bure chumbani.

Kuna mengine, lakini dada yako amenikataza kusema, kwa hiyo nanyamaza.

Shemeji yako

*

Bwenini, 22 Aprili

Dada,

Kwa hiyo jibu la neno moja lilikuwa hapana, na ulimwachia Shemeji aniambie, katikati ya habari za magurudumu.

Zimekaa bure? Kile kilikuwa kitanda changu. Nilikuwa nakilalia. Sikilalii sasa kwa sababu niko shule, na niko shule kwa sababu nyinyi mlisema nisome. Tangu Mama atutoke sina kitanda kingine duniani, cha hapa ni cha serikali na kina namba. Wenzangu wakisema "kwetu" wanamaanisha nyumba. Mimi nikisema "kwetu" namaanisha kile kitanda chini ya dirisha, na wewe ukishona chumba cha pili.

Nilikuwa nakuandikia habari za nepi na sabuni kama mjinga. Nilitaka mtoto awe na vitu. Sikujua na mimi nitakuwa kimojawapo cha vitu vya kupisha njia.

Matroni huwaruhusu wanafunzi wasio na pa kwenda wabaki bwenini wakati wa likizo. Nitaandikisha jina langu. Lote, siyo nusu.

Msimwekee mto.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 30 Aprili

Wewe Profesa,

Umesoma vitabu vyote hivyo na bado huna akili! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa chini juu ya gunia la vitambaa, na kwa tumbo hili nikikaa chini sinyanyuki. Nimelia hapo, nimekutukana hapo, mpaka shemeji yako alivyorudi kula akanikuta. Akaanza na yeye kujitetea, "Nilisema tu mbao ni nzuri." Nikamwambia ondoka na mbao zako. Halafu nikamwita arudi aninyanyue.

Nisikilize sasa. Likizo ya Desemba nilipita mlangoni kwako asubuhi. Ulikuwa umelala kwenye kile kitanda magoti yakiwa kidevuni, umejikunja kama nguo ndani ya mfuko. Kile ni kitanda cha mtoto mdogo, Profesa. Uliletwa kwangu una miaka saba, ukakilalia, na hujawahi kufungua mdomo kusema kimekuwa kidogo. Wewe huwa husemi kitu mpaka kiandikwe kwenye karatasi.

Kwa hiyo shemeji yako amekutengenezea kingine. Kipya. Cha mbao nyekundu, chini ya dirisha lile lile, na hakuna mtu aliyekuwa na mpango wa kuhamisha dirisha. Mbona nilikuuliza urefu wako? Ulidhani naipima sketi kuanzia utosini? Chumba ni chembamba, mlango unafungukia ndani, kwa hiyo amekikata kwa kipimo chako kamili, na kiganja kimoja cha ziada. Ilikuwa iwe siri, ufungue mlango ukione. Sasa mmeniharibia wote wawili, yeye kwa mdomo, wewe kwa kalamu.

Na cha zamani, nilisema mwanangu alale kwenye mbao ulizolalia wewe. Sikuona kosa katika hilo. Bado silioni.

Kafute jina lako kwa matroni.

Dada yako, aliyekasirika

*

Bwenini, 6 Mei

Dada,

Nimefuta. Samahani. Nimesoma barua yako nyuma ya maktaba, mahali pasipopita watu, na imebidi nisafishe miwani.

Lakini Dada, mwambie Shemeji asimalizie hicho kitanda! Nakuomba, mtume mtu karakana sasa hivi. Siyo mia moja sitini na mbili. Ni mia moja sabini na nane. Ndivyo ukuta ulivyosema, nikajipima tena nikitumaini umekosea. Nilikuwa nimeshika kalamu kuiandika na sikuweza, nilitaka niione ile nyingine kwenye karatasi, hata kwa siku moja, hata kama ni kwa ajili ya sketi. Nilijua sketi ingekuwa fupi. Nilikuwa tayari kuivuta.

Sikujua kuna mtu anakata mbao.

Profesa

*

Nyumbani, 17 Mei

Profesa,

Umechelewa. Kitanda kimeshapakwa vanishi, na mbao hazina upindo wa kushusha.

Na wewe umepitwa na jingine. Bosi, ndivyo tunavyomwita mtoto, hakungoja mwisho wa mwezi. Amekuja wiki iliyopita, msichana, mzima, mdogo kama mkate, anapiga kelele kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mimi ni mzima pia. Nimempima palepale wodini, maana tepu ilikuwa bado iko shingoni, nilitoka nyumbani nayo bila kujua. Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Siku ya kwanza Bosi alivaa fulana ya dukani iliyokunjwa mikono, kofia, na nepi zako. Kila kitu kingine tulichonunua kiko kwenye boksi. Viatu havitoshi hata dole gumba la shemeji yako, nilimjaribisha. Fulana yake ya kwanza nimeshaikata, kwa kipimo chake, siyo cha jedwali lako. Mabega yake yako sawasawa yote mawili, na nilivyoona hivyo nililia tena, usimwambie Mama Mkwe.

Ila wewe sijamaliza nawe. Sentimita kumi na sita! Mimi, ninayewarudisha wateja mlangoni na vikaratasi vyao, nimeipokea namba ya kwenye barua na kumpelekea mume wangu, naye akakata. Shemeji yako amekaa juu ya hicho kitanda jana jioni nzima ameshika msumeno, anakitazama. Nilimuuliza, kwa nini hukumpima Profesa kwa mkono wako? Akasema, "Kwani Profesa anaweza kusema uongo?" Ndipo nikaona wote watatu hatuna akili, na sasa tuko wanne.

Njoo ulivyo. Na ukija, simama wima. Nataka kukuona.

Dada yako

*

Bwenini, 9 Julai

Dada,

Nimefika salama. Kitanda changu cha namba kimeniona mgeni.

Usiku wa kwanza huku nililala nimejikunja, kwa mazoea ya zamani, halafu nikakumbuka Shemeji alivyochukua msumeno siku niliyofika, akaondoa ubao wote wa miguuni ili miguu yangu itoke nje, akapiga msasa palipokatwa na kusema, "Haya, lala kama binadamu." Kwa hiyo nimenyooka. Kitanda cha shule kina vyuma miguuni, nimeipitisha miguu katikati yake. Wasichana wamecheka, wakachoka.

Mwambie Bosi nimeanza kitabu kipya. Mchana saa za kusoma najikuta mguu wa kulia unacheza wenyewe chini ya dawati, kama ulivyokuwa ukikibembeza kitanda chake mlipokiweka hapo mwisho wa changu. Jirani yangu ameniuliza kama naumwa.

Kitabu cha malezi nimekirudisha maktaba. Mwalimu aliuliza, "Dada yako amejifungua?" Nikasema ndiyo, msichana, na nikamwambia uzito. Nadhani ameniamini.

Sketi mpya imefika magotini. Asante kwa kunipima mwenyewe.

Profesa

*

Nyumbani, 20 Julai

Profesa,

Umetuachia balaa.

Bosi hataki kulala mchana. Usiku, kwetu, analala bila taabu, kama kitabu chako kinavyotaka. Lakini mchana tunakiweka kitanda chake palepale, mwisho wa chako, tunafunga pazia, na yeye anafumbua macho anangoja. Nimekibembeza kwa mkono, ananitazama kama namwibia. Mama Mkwe amebembeza na kuimba, Bosi akalia, Mama Mkwe akasusa na kwenda kwake. Shemeji yako akasema ni miguu anayoitaka. Akalala kwenye kitanda chako, akatoa miguu nje, akaanza kusukuma. Nilivyorudi kutoka kwa mteja nikamkuta amelala fofofo, mdomo wazi, na Bosi yuko macho anamwangalia. Na mwenye duka amesema anacho kinachobembea kwa betri. Ameniambia mara mbili. Shemeji yako ameuliza bei.

Sasa mikono yote miwili imembeba Bosi, karibu natia uzi kwenye sindano kwa meno. Sijashona kitu cha maana wiki hii. Kuna mteja kakaa hapo mlangoni anamngoja mtoto alale ili apimwe.

Tena shemeji yako amekuja na hesabu zake. Anasema likizo ijayo atatoboa kabati lililo upande wa kichwani, akiunge kitanda chako kipande, kikufikie vizuri, akurudishie na ubao wako wa miguuni. Nimemwambia akikigusa nitamkata yeye. Kibaki hivyo hivyo.

Andika shule inafungwa lini.

Dada yako

N.B. Umeongezeka? Sema kweli. Ikibidi, kitanda cha Bosi tutakisogeza.